Mpigaji wa Akiba

Kila siku ya kazi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Dada wa Simu alivua hedifoni zake, akaziweka mezani na kujifanya anatafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi. Wenzake pale redioni walikwisha kuizoea tabia hiyo na hawakumuuliza, maana kila mtu alijua ni nini kinachorushwa hewani muda huo, na wenye haya walitazama pembeni. Ilikuwa sauti ya mdogo wake. Ilisema maneno machache, ikamalizia kwa kusema, "Kama hakuna wa kwenda, nitakwenda mimi. Wewe je?" Zikafuata ngoma, na baada ya ngoma mwanamke wa wizara akataja mahali pa kujiandikisha. Mwenye sauti hiyo alikuwa na miezi minne kaburini.

Vita vyenyewe vilikuwa vya watu wengine. Nchi rafiki, mbali huko, ilikuwa imevamiwa, nayo ikapiga yowe. Wakubwa wakasema urafiki si kupeana mikono kwenye picha tu, tupeleke watu wetu wakasaidie. Wengine wakasema hapana, tupeleke wapatanishi, meza ipo na viti vipo, wanaopigana wakalishwe. Mwaka haujaisha, nchi nzima ikawa imegawanyika mapande mawili, Peleka na Meza. Ndugu walinuniana, vijiwe vya kahawa vilivunjika, na fundi cherehani mmoja alikataa kumpima mteja suti kwa sababu mteja ni Meza. Mtu akikusalimia asubuhi alitaka kwanza kujua uko upande gani, ndipo akuulize habari za watoto. Wengi wao ungewapa ramani wasingekuonyesha nchi yenyewe iko wapi, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imewasimama.

Mahali pa kubishania kitaifa palikuwa Baraza la Saa Nne, kipindi cha simu. Mtangazaji wake aliitwa Profesa, ingawa hakuwahi kufundisha hata chekechea. Alikuwa na miwani na sauti nzito, basi. Nyuma ya kioo, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, ndipo alipokaa Dada wa Simu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kazi yake ilikuwa kupokea simu, kuuliza jina, kuuliza mahali, kuuliza upande, na kuandika daftarini, Peleka kushoto, Meza kulia. Kisha anabonyeza kitufe, mtu anaingia hewani. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha yeye na mama yake.

Kipindi kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa, nayo ni zamu kwa zamu. Akisema wa Peleka, anayefuata ni wa Meza, dakika mbili kila mmoja. Usidhani sheria hiyo ilitokana na wema wa mtu. Redio iliwahi kupata barua ya onyo kwa kupendelea upande mmoja, na tangu hapo mkurugenzi akaamua kwamba upande ukikauka, kipindi kisimame upigwe muziki. Profesa aliuchukia muziki. Alisema msikilizaji akiusikia tu anahamia kituo kingine, na akishahama harudi.

Ndiyo maana kila aliyekalia kiti kile cha simu alikuwa na wapigaji wa akiba. Hakuna aliyeagiza na hakuna aliyekataza. Ulikuwa ujuzi wa kazi tu, unarithishwa pamoja na kiti. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa penseli, yaliandikwa majina matano au sita ya watu wenye mdomo, watu unaoweza kuwapigia laini ikikauka, ukawaambia leo uwe Peleka au leo uwe Meza, nao wakasema kana kwamba wameamka nalo. "Si uongo," aliambiwa na mama mmoja mtu mzima aliyemwachia kiti. "Maoni yenyewe yamejaa mitaani. Wewe unayatafutia mdomo tu."

Wa akiba bora kuliko wote alikuwa mdogo wake mwenyewe, kitinda mimba wa mama yao, kinyozi. Mtaani walimwita Wakili, kwa sababu aliweza kutetea chochote. Mteja wa Peleka alitoka kwenye kiti chake na mashaka, mteja wa Meza alitoka na mashaka, na wote wawili walitoka wamenyolewa vizuri, mbavu zinawauma kwa kucheka. Redioni alibadilisha jina kila alipopigiwa. Mara ni mwalimu mstaafu, mara dereva wa lori, na siku moja alikuwa mgane mwenye watoto saba, ilhali hakuwa hata na mchumba. Dada yake alikuwa akimsikiliza huku amejiuma mdomo asicheke.

Siku ya maneno yale ya tangazo ilikuwa ya mvua. Meza walikuwa wanne wanasubiri, na upande wa kushoto wa daftari ulikuwa mweupe. Profesa alionyesha vidole viwili kwenye kioo, maana yake zimebaki dakika mbili. Dada wa Simu akampigia mdogo wake.

"Una mtu kwenye kiti?"

"Ninaye. Nusu kichwa."

"Leo Peleka."

"Dada, juma lililopita nilikuwa Meza."

"Ndiyo hivyo, leo Peleka. Na usiwe mwalimu tena, wamekuzoea."

"Basi leo nitakuwa mimi mwenyewe," Wakili akasema, akicheka. "Niandike kinyozi."

Akamwandika kushoto, akabonyeza kitufe.

"Mimi ni kinyozi," sauti ikasema hewani, bila kicheko sasa. "Mtu hanijui, ananikalia hapa, ananipa shingo yake na mimi nina wembe. Ananiamini. Wale watu walitupa shingo zao. Walituita ndugu, tukaitika. Leo wamevamiwa, sisi tumekaa hapa tunabishana nani atangulie. Mnasema wakubwa wapeleke watoto wao kwanza. Sawa, wasipowapeleka, ndiyo tukae? Kama hakuna wa kwenda, nitakwenda mimi. Wewe je?"

Nyuma yake wateja walipiga makofi, na bila shaka hata yule wa nusu kichwa alipiga. Profesa alivua miwani akaifuta. Mchana rekodi ikarudiwa, kesho yake ikawa kwenye simu za watu, na juma halijaisha watoto wa shule walikuwa wakiulizana njiani, "Wewe je?" Dada wa Simu alifurahi. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye kuliko mengine yote, kwamba alifurahi, akamwambia mama kuwa Wakili amekuwa mtu mkubwa.

Jumamosi ya pili Wakili alikuja nyumbani mchana, akakaa mbele ya sahani na hakula. Mama alikuwa amelala chumbani.

"Watu wananiuliza naondoka lini," alisema.

"Watasahau."

"Leo amekuja mzee na mwanawe. Kijana amejiandikisha, anasema ni kwa ajili yangu. Mzee amenishika mikono yote miwili, dada. Nikashindwa hata kumwambia akae." Akasukuma sahani. "Nikisema ulikuwa mchezo, kazi yako itakuwaje?"

Jibu dada yake alilijua. Angefukuzwa siku hiyo hiyo. Alifikiria kodi ya nyumba na dawa za mama, na akafikiria pia, tusimpake mafuta, ile heshima ya kuitwa Dada wa Simu mpaka sokoni.

"Ngoja wiki moja," akasema. "Watu wana mambo mengi. Ngoja wiki moja tu, halafu tutaona."

Wakili alimtazama. Hakubisha, na huyo alikuwa mtu wa kubishia hata salamu. Siku ya tano akajiandikisha mbele ya kamera. Alipokuja kuaga alikuwa akiyasema yale yale ya redioni, neno kwa neno, macho makavu, na dada yake hakuweza kujua kama amekwisha kuyaamini au anatetea tu kama kawaida yake.

Alikaa huko wiki tisa. Alirudi ndani ya jeneza lililopigwa misumari, pamoja na ofisa aliyesema kwa adabu kubwa kwamba lisifunguliwe. Mama aliweka kiganja juu ya kifuniko. Baadaye akawaomba wabebaji walinyanyue kidogo, wakalinyanyua. "Mbona mwepesi?" akauliza. Wakili akazikwa hivyo hivyo.

Watu wa wizara walikuja na karatasi wakiomba ruhusa ya kuitumia sauti yake kwenye tangazo. Mama hakusoma mpaka mwisho. "Kwa hiyo atakuwa anaongea kila siku?" aliuliza, akatia sahihi. Tangu siku hiyo alivaa nguo yake ya kutokea kila asubuhi, akakaa mbele ya redio akisubiri saa nne kasoro dakika tano. Sauti ikiuliza, "Wewe je?" mama alijibu, "Nipo, baba. Mimi nipo."

Dada wa Simu aliligundua hilo siku alipobaki nyumbani na homa. Aliingia chooni akakaa humo muda mrefu.

Kazini hakuwa na amani tena. Kuna laini iliyoita, ukiipokea hakuna mtu, ila kwa mbali kama mashine ya kunyolea inanguruma. Fundi alikuja akasema ni nyaya. Mara mbili alijikuta ameandika "kinyozi" upande wa kushoto na simu haijaita. Na bado, upande ukikauka, alifungua ukurasa wa mwisho. Alikuwa amelifuta jina la Wakili kwa kifutio, na juu ya alama yake akaandika la fundi baiskeli wa njia panda, kijana mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, waliyemwita Spoki. Tayari alikwisha kumpigia mara mbili, Meza mara moja, Peleka mara moja. Alijiambia kazi ni kazi. Mkono ulikuwa umezoea, na yeye akauachia.

Jumanne moja akapokea simu ya mwanamke.

"Baraza la Saa Nne. Jina lako nani, na unatupigia kutoka wapi?"

"Mimi mama wa watoto tu. Sitaki kuingia hewani, mwanangu. Nina swali."

"Uliza, mama."

"Huyo kijana anayesema atakwenda yeye. Alikwenda kweli?"

"Alikwenda."

"Akarudi?"

Kwenye kioo Profesa alikuwa ameinua kidole, anataka mpigaji.

"Wangu anakwenda kujiandikisha kesho," mwanamke akaendelea. "Maneno ya huyo kijana anayo kwenye simu, analala nayo sikioni. Nimemwambia, mwanangu, kwenda kila mtu anakwenda, uliza kama alirudi. Akaniambia niulize mimi. Ndiyo nakuuliza."

"Mama, uko upande gani?" Dada wa Simu akasema. Hakukusudia. Ni maneno ya kazi, yalitoka yenyewe.

"Nilidhani nimepiga simu kwa mtu," mwanamke akasema, akakata.

Namba yake haikuonekana. Dada wa Simu alijaribu kila alichokijua kwenye ile mashine, akaambulia patupu. Kipindi kilipokwisha alimfuata Profesa studioni.

"Tangazo halisemi kwamba amekufa," akamwambia.

"Wala halisemi kwamba yu hai."

"Profesa, yule alikuwa wa akiba. Nilimpigia mimi."

Profesa aliinuka akafunga mlango. "Unadhani sikujua? Sauti yake niliitambua tangu alipokuwa mgane." Aliongea taratibu, na huruma yake ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyochukiza. "Lakini alikwenda, dada yangu. Hakuburutwa. Na tangazo ni la wizara, mimi sina amri nalo. Mama yako ndiye aliyetia sahihi. Siku atakayoandika kwamba hataki, watalitoa siku hiyo hiyo."

Kesho yake Dada wa Simu hakwenda kazini. Alivuta kiti akakaa karibu na mama yake mbele ya redio. Mama alishangaa kidogo, akafurahi, akasogea kumpisha. Sauti ikaja. Wembe, shingo, ndugu. "Wewe je?"

"Nipo, baba," mama akasema. "Na dada yako yupo."

Hapo ndipo alipoyasema yote. Hakuyapanga. Alianza na jeneza, akarudi kwenye mvua, akaruka mpaka kwenye ile Jumamosi ya sahani, na wiki moja aliyoomba. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, redio ilikuwa imeingia kwenye Baraza.

"Alikuwa ananyoa?" mama akauliza.

"Nusu kichwa, alisema."

"Huyo mtu alimaliziwa?"

"Sijui, mama."

Mama alikunja upindo wa nguo yake, akaukunjua. "Juma lililotangulia alisemaje?"

Rekodi hiyo alikuwa nayo. Alikuwa ameihamishia kwenye simu yake baada ya mazishi, na hakuwahi kuthubutu kuifungua. Sasa akaifungua. Wakili alikuwa mwalimu mstaafu, sauti ameizeesha kidogo.

"Nimefundisha miaka thelathini," alisema. "Watoto wakipigana darasani sikuwahi kumpa mmoja wao rula. Niliwakalisha. Wanatoka damu puani, wamenuna, hawataki kutazamana, nawakalisha. Kupigana ni rahisi, hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Kukaa na mtu aliyekupiga ndiko kunakotaka mwanamume. Wakubwa wanakukimbia huko, wanasema wanakimbilia vita."

Mama aliomba irudiwe. Akaomba tena.

"Ndiyo hapa anaposema kweli?"

"Sijui."

"Au kule kwenye wembe?"

"Sijui, mama. Mimi nilimwambia aseme nini. Sikumuuliza anataka nini."

"Hata mimi sikumuuliza," mama akasema. "Alikuja kuniaga, nikamfungia chakula." Akaigeukia redio. "Kila siku namwitikia. Nilijua ananiita yeye. Sasa nimekuwa nikimwitikia nani?"

Dada wa Simu alilia. Mama hakulia, alikaa tu amenyooka na nguo yake ya kutokea, amezeeka asubuhi hiyo moja kuliko miezi minne yote. Mwisho akasema ataandika barua, na kwamba baada ya hapo hataisikia tena sauti ya mwanawe na iwe hivyo. "Lakini kwanza wewe utasema. Na utasemea pale pale ulipomsemeshea."

"Nitafukuzwa, mama."

"Kazi hiyo tumeila ya kutosha."

Ilikuwa saa nne na nusu. Akapiga. Aliyeshika kiti chake siku hiyo alikuwa binti wa mapokezi, akamtambua mara moja. "Dada, pole, si unaumwa?"

"Upande gani umekauka?"

"Peleka. Meza wako watatu wanasubiri, na Profesa ananitolea macho."

"Niweke Peleka."

Binti akamwandika kushoto, akabonyeza.

"Mimi ndiye ninayepokea simu zenu hapa," Dada wa Simu akasema, na kwenye redio ya mama akajisikia mwenyewe akisema, kwa kuchelewa kidogo. "Kijana wa kwenye tangazo ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa ananyoa mtu, nikampigia, nikamwambia leo uwe Peleka, kwa sababu laini ilikuwa tupu. Juma lililotangulia nilimwambia awe Meza, akawa Meza. Alikuja kwangu anataka kusema ukweli, nikamwambia angoje, kwa kuogopea kazi yangu. Akaenda. Hakurudi. Kuna mama alinipigia jana akaniuliza kama alirudi, sikumjibu. Mama, kama unanisikia, hakurudi. Sisemi twende wala tusiende, sina ujuzi huo. Nasema maneno yale hayakuwa yake, niliyaagiza mimi, kwa hiyo msimfuate kwa—"

Muziki ukapigwa.

Barua ya kuachishwa kazi ililetwa na pikipiki kabla ya saa nane. Barua ya mama kwenda wizarani iliondoka na pikipiki hiyo hiyo. Simu haikutulia. Watu wa Peleka walimwita msaliti aliyemuuza marehemu, na mmoja alimwambia damu ya nchi rafiki iko mikononi mwake. Watu wa Meza walimwita shujaa, wakaomba ruhusa ya kuitumia sauti yake kwenye mkutano wao wa hadhara, wameikata vizuri, sekunde thelathini tu. Hao ndio waliomtia baridi. Yule mama wa Jumanne hakupiga.

Asubuhi iliyofuata walikaa mbele ya redio kwa mazoea tu. Mama alikuwa na nguo za nyumbani. Saa nne kasoro dakika tano zikalia ngoma zile zile, na sauti ikaja, changa, yenye mkwara.

"Mimi ni fundi baiskeli. Tairi likipasuka njiani hukai chini ukazungumza nalo. Unashuka, unakunja mikono ya shati. Mimi nimekwisha kukunja. Niandikeni."

Mama aligeuka. "Huyu naye ni wa nani?"

Dada wa Simu aliyajua maneno hayo. Yalikuwa ya Alhamisi ya juma lililopita, saa nne na dakika ishirini, upande wa kushoto wa daftari. Profesa alikuwa ameyacheka mpaka akakohoa.

"Wangu," akasema. "Huyu pia ni wangu."

Namba ya Spoki ilikuwa kwenye simu yake. Ikaita sana. Akapokea mwanamke, nyuma yake kuna vishindo vya watu.

"Spoki yupo?"

"Yupo, mwanangu. Watu wamejaa hapa mlangoni tangu taarifa ya saa kumi na mbili, wanampa mkono. Hata chai hajanywa. Nikuitie?"

"Niitie, mama."

Spoki alikuja akicheka, kicheko cha juu juu. "Dada, umenisikia? Nimekuwa mtu mkubwa."

"Sogea pembeni na hao watu."

"Nimesogea."

"Juma lile nilikuambia useme nini. Leo nakuuliza wewe mwenyewe. Unataka kwenda?"

Upande wa pili mtu mzima aliuliza kwa furaha, "Unaondoka lini, kijana wetu?" na Spoki akaitikia kwa sauti kubwa, "Kesho kutwa, mzee." Kisha akaileta simu karibu kabisa na mdomo.

"Sitaki, dada," akasema. "Lakini nitawaambiaje? Si bora ningoje kwanza watawanyike?"

"Usingoje," Dada wa Simu akasema. Alikuwa amesimama, mama naye amesimama, amemshika mkono. "Waambie sasa hivi. Waambie nilikutuma mimi, nitukanwe mimi, sikati simu."

Alimsikia akivuta pumzi, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akamsikia, kwa sauti isiyofanana na ya redioni hata kidogo, akiwaomba watu wasogee karibu.